Nikate dredi ndo niwe nesi wa jeshi?

Juzi usiku wa manane binti wa dada yangu kanitumia voisi ya dakika nne. Dakika tatu na nusu za kwanza ni salamu na habari ya mtihani wake, kapata leseni ya unesi, Mungu mkubwa, nimelia peke yangu kitandani. Afu kwenye ile nusu dakika ya mwisho sauti ikashuka kabisa: "Mamdogo, nnataka kuingia jeshini, unesi kama wewe. Sasa niambie ukweli, nikate?"

Hakusema akate nini, wala sikuhitaji kuuliza. Dredi zake zina mwaka wa sita sasa, alianzishiwa na msusi mmoja pale Ngamiani, Tanga, kabla hajaja huku Texas kwa mama yake, na mimi ndo nilimshika kichwa siku ya kwanza akilia kuwa anavutwa. Kwa hiyo nilipoiskia ile "nikate" moyo ulishtuka, mana na mimi niliuliza hivohivo mwaka 2014, niliemuuliza akanijibu kwa haraka bila kufikiri, na jibu lake nimelibeba kwenye paji la uso mpaka leo.

Nimemjibu asubuhi yake, "usikate kwanza, nakuja." Ila naona niandike kwa urefu, kwa ajili yake na kwa mabinti zetu wengine walioko Dallas, Minneapolis, Boston na kwingineko, mana njia yetu wengi huku inafanana, unafika na kadi ya kijani ya bahati nasibu, unaanza kulea wazee kwenye zile nyumba zao, zamu za usiku, mgongo unauma, afu unaskia kuwa jeshi la Marekani linasomesha manesi, na kwamba ukiwa na kadi ya kijani unaweza kuingia kama askari wa kawaida (kuwa ofisa ndo mpaka uwe raia). Hivo ndo nilivoingia mimi. Nilianza kama nesi wa ngazi ya chini, uraia nikaupata nikiwa humohumo, digrii nikaja kuimalizia baadae, na leo navaa cheo cha ofisa. Njia ni ndefu lakini inapitika.

Mama yangu nilipompigia kumwambia naenda jeshini, swali lake la kwanza halikuwa vita. Aliuliza, "watakunyoa?" Kwa mama jeshi ni kipara, kama JKT, kama shule ya sekondari ya serikali tuliyosoma sisi ambapo mwalimu wa zamu anakupitishia vidole kichwani na akiweza kukamata unywele tu basi unaenda kwa kinyozi. Nikamwambia hapana mama, huku wanaume ndo wananyolewa siku ya kwanza, wanawake tunabaki na nywele. Na kiukweli kwa miaka mingi hapa jeshini mwanamke hakuruhusiwa hata kupiga kipara, kanuni ilitaka angalau robo inchi ibaki kichwani, na kizuizi hicho kimeondolewa 2021. Mama hakuamini. Kwake ilikuwa kitu kisichoingia akilini, jeshi gani linakataza kunyoa.

Sasa kubaki na nywele ndo kulikuwa na maneno yake. Mimi wakati ule nilikuwa na nywele zangu za asili, nasuka vitu viwiliviwili, zile unagawa nywele mafungu mawili unazungusha mpaka mwisho, basi, huhitaji rasta wala uzi. Ni msuko wa mtu mwenye haraka, wa mtu anaetoka zamu saa moja asubuhi. Nikamuuliza yule askari aliekuwa ananiandikisha, hizi vipi? Akaniangalia kichwani sekunde mbili akasema weka dawa, zilale, uzibane nyuma, hutapata shida. Nikaenda saluni nikaweka dawa ya kulainisha nywele. Miaka minne ya nywele za asili ikaenda na maji kwenye sinki, nikalipa na chenji nikapewa.

Mwaka wenyewe ndo ulikuwa huohuo 2014. Tarehe 31 Machi Jeshi la Nchi Kavu la Marekani lilitoa toleo jipya la kanuni yake ya mavazi na mwonekano, inaitwa AR 670-1, na kwenye nywele za wanawake ilikuwa imeshuka kwa undani ambao sijawahi kuuona hata kwenye kanuni za kuchanganya dawa. Suka za kulala kichwani, zile ambazo sisi tukizisuka kwenda nyuma tunaziita twende kilioni, zisizidi unene wa robo inchi. Nafasi ya ngozi kati ya msuko na msuko isizidi sehemu moja ya nane ya inchi. Vitu viwiliviwili, marufuku. Dredi za aina yoyote ile, marufuku. Na kulikuwa na slaidi za mafunzo zenye picha, vichwa vya wanawake na maandishi ya nini hakiruhusiwi, na vichwa vingi vya kwenye ule upande uliokatazwa vilikuwa vya wanawake weusi. Nimekaa kwenye lile darasa na kombati yangu mpya inanichoma shingoni, naangalia picha ya kichwa kinachofanana na changu cha mwezi mmoja nyuma.

Ila kilichoniuma zaidi si vile vipimo. Kipimo ni kipimo, mimi ni nesi, naishi na vipimo. Kulikuwa na sentensi moja mle ndani ilisema suka yoyote iliyosongamana au isiyotunzwa itahesabiwa kuwa ni dredi na hairuhusiwi. Isome taratibu. Dredi ilikuwa haielezwi kama mtindo wa nywele, ilikuwa inaelezwa kama jina la uchafu. Mtu aliekaa chini akaandika hivo hajawahi kukaa kwenye kigoda cha msusi masaa sita anasokotwa kichwa kimoja, hajui kuwa mwenye dredi anaosha nywele zake na kuzipaka mafuta na kuzikaza mizizi kwa nidhamu ambayo wengi wetu tungeipata gwarideni tungepandishwa vyeo.

Watu hawakunyamaza, na hapa ndo naipenda hii nchi. Sajenti mmoja wa kikosi cha akiba cha jimbo la Georgia, Jasmine Jacobs, alianzisha ombi la saini kwenda Ikulu ya White House, likapita saini 17,000. Wabunge wanawake 16 wa kundi la wabunge weusi kule Kongresi wakamwandikia barua Waziri wa Ulinzi, Chuck Hagel. Hagel akaamuru majeshi yote yapitie upya kanuni zao za nywele, na Agosti 2014 majibu yakatoka, maneno yale ya kusongamana na kutotunzwa yakafutwa, vitu viwiliviwili vikaruhusiwa, unene wa suka ukaongezwa mpaka nusu inchi, ile habari ya kupima nafasi ya ngozi ikaondolewa kabisa. Miezi mitano tu! Mimi Agosti hiyo nimeshaweka dawa kichwani na nywele za mbele zimeanza kukatika.

Ngoja nieleze hilo la kukatika, mana ndo sababu hasa ya kuandika.

Kwenye mafunzo ya kuruti ni wiki kumi. Kama hujasuka, nywele zinabanwa nyuma zote, zikazungushwa fundo moja, zikashikwa na raba, pini na jeli, hakuna unywele unaosimama. Unaamka gizani, dakika chache za kuoga, muda wa kukausha haupo, kwa hiyo nywele zinabanwa zikiwa mbichi. Nywele mbichi iliyotoka kwenye dawa ni dhaifu kama uzi wa pamba ulioloweshwa, wewe unaivuta uibane kwa nguvu ili ilale, afu unavaa helmeti juu yake masaa. Siku ya pili hivohivo. Siku ya ishirini hivohivo. Kichwa kinauma kuanzia kwenye nyusi mpaka kisogoni ukadhani ni maji hunywi.

Na ile helmeti! Fundo la nywele liko kisogoni, helmeti inataka kukaa hapohapo. Ukisimama unaweza kuvumilia. Ukilala kifudifudi kulenga shabaha, ukinyanyua kichwa, fundo linaisukuma helmeti kwa mbele inakuziba macho. Nimelala kwenye changarawe nasukuma helmeti juu kwa mkono mmoja na bunduki kwa mwingine, mkufunzi nyuma yangu anapiga kelele kwa nini sioni shabaha, na wanawake kulia kwangu na kushoto kwangu wanafanya kitu hikohiko. Hilo halikuwa la weusi peke yetu. Mzungu mwenye nywele ndefu nyororo nae alikuwa haoni.

Kilichotuokoa ni Jumapili. Tulikuwa na nafasi kidogo mchana, na kulikuwa na dada mmoja Mjamaica na mwingine wa kutoka Ghana, tunakaa sakafuni mstari mmoja, huyu kamshika huyu, tunasukana twende kilioni zile nyembamba zinazopita kwenye kanuni, miisho tunaipinda tunaishona ndani. Tulipima kwa rula ya darasani, sisemi uongo. Ukisuka hivo helmeti inakaa vizuri, wiki nzima hugusi kichwa. Mimi sikujua kabla kwamba mikono ya bibi yangu ipo ndani ya mikono yangu mpaka siku ile nasuka kichwa cha Mghana na hatuna lugha zaidi ya Kiingereza cha kila mtu na lafudhi yake, na tunajua majina ya misuko yetu ila hatuwezi kutafsiriana.

Lakini uharibifu wa zile wiki za mwanzo nikaja kuuona baadae, na nikauendeleza mwenyewe miaka, mana hata baada ya mafunzo niliendelea kubana. Nilizoea. Nilishaamini kuwa nesi nadhifu ni yule ambae ngozi ya paji lake imevutwa. Mwaka 2018 daktari wa ngozi akanimulika taa pembeni mwa paji, kushoto, akauliza umekuwa ukibana nywele hivi muda gani? Nikasema miaka minne. Akanyamaza kidogo. Kuna ugonjwa wa nywele kunyonyoka kwa sababu ya kuvutwa muda mrefu, unaanza hapo pembeni na mbele, vile vinywele laini vinaisha kwanza. Ukiwahi kuacha kuvuta, zinarudi. Ukichelewa mpaka ngozi ikaweka kovu pale unywele unapochomoza, hazirudi tena. Za kwangu kushoto hazijarudi. Nilikuwa nawafundisha wagonjwa kuhusu vidonda vya mgandamizo, kwamba ngozi ikibanwa sehemu moja kila siku inakufa, nawageuza kitandani kila masaa mawili, na kichwa changu mwenyewe sikukigeuza.

Sasa wapo watakaosema nesi lazima awe na kanuni za nywele, hiyo ni kazi ya watu wagonjwa. Nakubaliana nao kabisa, tena kwa nguvu. Nimefunga vidonda vya moto ambavyo unywele mmoja ukidondoka mle ni balaa. Ukiinama juu ya mgonjwa nywele zisining'inie kwenye mrija, zisishikwe na mtu aliechanganyikiwa anaeamka kutoka kwenye usingizi wa ganzi akiwa anapigana. Kofia ya chumba cha upasuaji lazima ifunike nywele zote, ukiwa na rasta nene za mgongoni zisizoingia kwenye kofia, huingii. Barakoa ya gesi lazima ishike ngozi pande zote, nywele zikipita kwenye ule ukingo umekufa. Hizo ndo kanuni zenye sababu, ukimuuliza aliyeiandika anakujibu kwa mdomo mpana na wewe unaelewa. Robo inchi dhidi ya nusu inchi ina sababu gani? Vitu viwiliviwili vilivyobanwa vinadondosha nini kwenye kidonda ambacho nywele zilizolala hazidondoshi? Hapo ndo unakuta hakuna jibu zaidi ya "haionekani kijeshi", na ukiuliza inaonekana kijeshi kwa macho ya nani, chumba kinakuwa kimya.

Na hii ya macho ina mizizi ya zamani kweli. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Dorothea Dix alipewa kusimamia manesi wa jeshi la Muungano, 1861. Masharti yake ya kuandikisha yalitaka wanawake wa umri wa 35 mpaka 50, wasio na mapambo, gauni la kahawia au jeusi, bila utepe, bila vito, na bila nywele za kujikunja. Ndiyo, mikunjo ya nywele ilitajwa. Najua yeye alikuwa anazungumzia mikunjo ya kuchomwa na chuma ya mabibi wa kizungu, alitaka manesi wachukuliwe kwa uzito na wanaume wasiwaone kama mapambo ya wodi, na enzi zile alikuwa na hoja. Lakini mimi nywele zangu zinajikunja zenyewe zikitoka tu kichwani. Kikosi cha manesi wa jeshi kilipoundwa rasmi 1901 hatukuwemo, wale weusi 18 wa kwanza waliingizwa vita ya kwanza ya dunia ikiwa imeshaisha, mwishoni mwa 1918, na mwaka 1941 vita ya pili ikaja na kikomo cha manesi weusi 56 tu nchi nzima, mpaka nesi mweusi Mabel Staupers na wenzake wakapiga kelele miaka na mlango ukafunguliwa Januari 1945. Hazel Johnson akaja kuwa mkuu wa kikosi chote na jenerali wa kwanza mwanamke mweusi, 1979. Picha yake nimeiweka mezani kwangu. Kanuni nyingi zilikuwa zimeandikwa sisi hatujaingia chumbani, afu tulipoingia tukaambiwa tujipinde zitutoshe.

Mabadiliko makubwa yaliyomhusu binti yetu ni ya Januari 2017, dredi zikaruhusiwa rasmi kwenye jeshi la nchi kavu, ziwe na unene unaolingana, zisizidi nusu inchi, zibanwe. Wale wanamaji wanaopigana nchi kavu, wanaitwa Marine Corps, walishatangulia 2015, na jeshi la majini likafata 2018. Siku ile ya 2017 nilikuwa zamu, mwenzangu mmoja akanionyesha simu kwenye korido, hakusema kitu, akanionyesha tu. Tukakumbatiana mbele ya chumba cha dawa.

Afu 2021. Jopo la askari, wengi wao wanawake, likakaa na ushahidi wa madaktari wa ngozi juu ya hayahaya niliyoyasema, nywele kunyonyoka, maumivu ya kichwa, helmeti. Mwezi Februari kanuni ikasema ambae nywele zake haziwezi kukunjwa fundo azibane nyuma zining'inie kama mkia, na ilipofika Mei ikaruhusiwa kwa wote na kwenye sare zote, mkia au suka moja au mbili, zisipite chini ya mifupa ya mabega. Ukiwa porini unaichomeka ndani ya shati. Neno "dredi" la Kiingereza nalo likatolewa kwenye kanuni, likabaki jina lisilo na matusi ndani yake. Niliposoma ile sehemu ya madaktari nililia, si kwa furaha tu. Niliwaza ningechelewa kuingia miaka saba ningekuwa na nywele zangu za kushoto.

Kwa hiyo mwanangu, na wengine mnaosoma, msimuulize askari wa kuandikisha peke yake. Yule kazi yake ni kukuingiza, anakupa jibu jepesi kwake. Kanuni yenyewe iko wazi kwa kila mtu, itafute toleo la mwaka huu, mana zinabadilika, uisome mstari kwa mstari kama unavyosoma maelekezo ya dawa ya moyo. Usiweke dawa ili umpendeze mtu. Usipunguze kwa hofu. Ukitaka kukata kwa sababu wiki kumi bila muda wa kuosha ni ngumu, kata, ni uamuzi wako na una heshima yake, wapo wenzangu walionyoa na wakafurahi hewa kichwani. Ila uamue ukiwa umesoma. Na ukibana, usibane mpaka nyusi zipande. Badilisha mahali pa kubania, leo chini kesho katikati. Ukiskia maumivu ujue ngozi inakuambia kitu.

Jumamosi nikaendesha gari masaa matatu mpaka kwa dada. Binti kakaa sakafuni kati ya magoti yangu, kama ile siku ya Ngamiani, dada anakaanga mihogo jikoni anatupigia kelele tufungue madirisha. Nimekuja na ile futi ya fundi cherehani. Tukapima dredi moja moja, yeye anaandika kwenye simu. Zote ziko ndani ya nusu inchi isipokuwa mbili za kisogoni, karibu na shingo, zimeshikana zenyewe kwenye mizizi mana hapo haoni, afu anazilalia. Nikachukua sindano ya kushonea dredi, mafuta ya nazi kidogo, nikaanza kuzitenganisha taratibu kutoka chini kwenda juu. Ilichukua saa nzima. Alivuta pumzi mara moja tu, nikamuuliza inauma, akasema hapana mamdogo, endelea.